Nimemwita fundi amjengee mama njia ya kiti mwendo, kaniuliza "kwani bibi huyu anaenda wapi?"

MwanaChumbageni:
Wana Tanga, naandika mikono inatetemeka. Yule fundi mnamjua, wa penseli sikioni, wa "kesho saa mbili asubuhi nipo kwako". Huyo huyo. Leo kaniuliza, mama yangu mzazi anasikia: "Kwani bibi huyu anaenda wapi?"

Baraza letu lina ngazi tatu, sentimita 60 toka chini. Nilimweleza kwa Kiswahili, si Kichina: kila sentimita moja ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele, kwa hiyo njia ifike mita saba na ushee. Uwanja usipotosha, ikunje kona, na hapo konani weka sakafu bapa kiti kipate kugeuka. Upana sentimita 90, kando kingo ili gurudumu lisichomoke. Akaitikia, "Nimekupata bosi, hiyo kazi ndogo." Hela ya mbao akatia mfukoni.

Kaleta nini? Mbao za mita moja na nusu, kaziegemeza barazani kama anapakia ng'ombe kwenye lori! Mbuzi mwenyewe hapo apande kwa dua. Misumari vichwa nje. Juu kapiga randa mpaka zinang'aa, manyunyu kidogo tu ni sabuni.

Mama tumetoka naye kliniki, nikasema haya, tujaribu. Tukamsukuma watu watatu, mimi, mpwa wangu na muuza kahawa aliyekuwa anajipitia. Tumefika nusu, kiti kikarudi nyuma, mama akapiga shahada! Fundi kaegemea nguzo anatafuna mhogo: "Kwani bibi huyu anaenda wapi?"

Anaenda wapi! Anaenda kwa shoga yake nyumba ya tatu! Anaenda Raskazone kupigwa upepo akitaka! Wewe ukitoka kwako, nani anakuuliza?

Bin Sahare:
😂😂 Huyo hana hata futi, anapima kwa shibiri. Kanitengenezea mlango, masika yalipoingia ukavimba, naingilia dirishani mpaka leo.

Kibao Kata:
Hela yote umempa mkononi kabla ya kazi? Mkuu, umeyataka mwenyewe.

Msumeno:
Kaweka mbao gani? Kama paini za Shume zisizotiwa dawa, mchwa washaanza kusema bismillahi. Tafuta mtiki wa Longuza. Funga kwa skrubu zenye zinki, msumari mtupu chumvi ya bahari inaula. Juu paka rangi, nyunyiza mchanga kabla haijakauka, matairi yashike.

Kibao Kata:
Mtiki! Huyo ameibiwa juzi leo unampeleka kwenye mtiki. Mwaga zege, maliza.

Msumeno:
Zege kwenye nyumba ya kupanga? Mwenye nyumba akubali kwanza. Mbao unafungua unahama nazo.

MwanaChumbageni:
Jamani mtiki baadaye. Mmesikia alichosema? "Kwani bibi huyu anaenda wapi?" Mama hajagusa chakula mpaka sasa. Ananiambia, "Mwanangu, basi, nitakaa ndani." Huyu mtu kamfunga mama yangu ndani kwa maneno!

Bi Mikanjuni:
Pole mwaya, mpe mama shikamoo yangu, mwambie ndani hakai. Bin Sahare, huyo wa mlango wako ndiye aliyekula hela ya kabati langu? Ana baiskeli haina breki?

Bin Sahare:
Ndiye! Breki anashika kwa kandambili.

Kibao Kata:
Heri yenu nyie wa maseremala. Fundi cherehani kashika kanzu yangu tangu Idi, juzi naiona imevaliwa harusini Ngamiani, tena na bwana harusi.

Bi Mikanjuni:
Ngamiani barabara ya ngapi? Na gauni langu limepotea huko huko.