Barua ya Kamishna wa Ardhi ya 1992: bado ina nguvu?

Bahari_Kuu
Habari zenu wakuu. Kuna ploti nataka kununua huku Pwani ya Kenya, karibu na ufuo. Hatimiliki ipo, sachi (upekuzi wa rejista ya ardhi) imetoka safi, jina ni la muuzaji. Ila chanzo chake ni barua ya ugawaji iliyotiwa sahihi na Kamishna wa Ardhi mwaka 1992, na majirani wanasema hapo palikuwa njia ya kushukia baharini. Muuzaji ananiambia cheo cha Kamishna kilishafutwa, hayo yameshazikwa. Je, Kamishna aliweza kugawa ardhi ya umma hivi hivi tu?

Karani_Mstaafu
Hivi hivi, hapana. Kwa Sheria ya Ardhi za Serikali, ile Sura ya 280, mwenye kugawa alikuwa Rais. Kamishna alikasimiwa sehemu ndogo tu, kama vile ardhi ya shule, ya ibada na ya michezo.

Miaka hiyo nilikuwa karani kwa wakili, na barua hizo zimepita sana mikononi mwangu. Nyuma yake kijiramani, ploti imezungushiwa wino mwekundu, na sharti la kukubali na kulipa ndani ya siku 30. Wengine hawakulipa hata senti. Waliiuza barua yenyewe, nayo ikazunguka watu watatu kabla mpima hajapanda bikoni, yaani alama za mipaka. (Wanunuzi walikuja na suti, wakiwa na haraka ya ajabu.)

Ripoti ya 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, ilikadiria hati 200,000 zilizotolewa kinyume cha sheria, asilimia 98 kati ya 1986 na 2002. Hesabu mwenyewe 1992 imeangukia wapi.

Halafu tafuta kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa. Ploti ya Nyali, mgawiwa wa kwanza 1989 ni Rais Moi, ikauzwa, ikafika kwa kampuni ya Dina. Mwaka 2017 kaunti ikabomoa ukuta ili watu wapite kwenda ufuoni. Kampuni ikasema tulinunua kwa nia njema. Aprili 2023 Mahakama ya Upeo ikakataa: ardhi ilikuwa ya matumizi ya umma, haikuwa ya kugawiwa tangu mwanzo, na nia njema ya mnunuzi haiisafishi.

Kijana_wa_Mipango
Mzee, Kamishna mnambebesha yote. Amri zilikuwa zikishuka kutoka juu. Tena muuzaji ana hoja kidogo: Tume ya Taifa ya Ardhi ilipewa miaka 5 kukagua hati za ardhi ya umma, muda ukaisha 2017. Na miaka ya kwanza iliishia kwenye mvutano wa mwenyekiti wa Tume hiyo, Swazuri, na Waziri wa Ardhi wa wakati huo, Ngilu, kuhusu nani atoe hati, mpaka Mahakama ya Upeo ikatoa ushauri Desemba 2015 kwamba kazi hiyo ni ya wizara.

Karani_Mstaafu
Amri ya mdomo haimo kwenye jalada, sahihi ndiyo imo. Aliyetia wino ndiye wa kuulizwa kwanza, hata kama aliyempigia simu alikuwa mkubwa zaidi. Na dirisha la Tume kufungwa hakufungi mlango wa mahakama. Uamuzi wa Dina umetoka miaka 6 baadaye.

Bahari_Kuu, sachi inakuonyesha mwenye hati leo, haikuonyeshi ploti ilitengewa nini kabla ya 1992. Nenda idara ya mipango ya kaunti, omba ramani ya zamani ya mtaa huo. Mwambie muuzaji alete barua yenyewe na risiti ya malipo, uangalie kama tarehe zimo ndani ya zile siku 30.

Bahari_Kuu
Barua nimeionyeshwa kwa simu tu, picha ya ukurasa wa kwanza. Risiti anasema itatafutwa. Na nimeshatoa asilimia 10 ya bei.

Karani_Mstaafu
Hiyo asilimia 10 iko kwenye akaunti ya wakili au mfukoni mwa muuzaji? Nijibu hilo kabla hujasaini kingine.