Kikundi cha ukoo: pesa za Shangazi Rukia

Shangazi Rukia: Leo ile kampuni niliyoilipa iniletee gari wamejibu. "Mteja mpendwa, gari lako liko njiani." Njiani tangu lini? Yule aliyenipokea ofisini namba yake haipatikani tena.

Mjomba Hamadi: Nenda polisi. Wakamatwe wote mpaka mfagizi!

Idi: Shikamooni. Polisi aende, Mjomba, na namba ya jalada aichukue, benki huenda wakaiulizia. Ila kesi ya jinai kazi yake ni kumwadhibu mtu. Pesa zinarudi kwa njia hiyo pale tu mahakama ikiamuru fidia, na mwenyewe awe na cha kulipa. Shangazi, ulilipaje?

Shangazi Rukia: Marahaba mwanangu. Awamu ya kwanza kwa kadi, kwenye tovuti yao. Ya pili nilihamisha kutoka benki. Akaunti ilikuwa na jina la mtu, wakasema ndiye mhasibu wao.

Salma: Mhasibu 🙄

Idi: Basi tuzitenganishe. Za kadi ndizo zenye matumaini. Iandikie benki iliyokupa kadi kwamba unapinga muamala kwa sababu ulicholipia hakikufika. Kwa Visa na Mastercard muda wake kwa kawaida ni siku 120, na kwa mzigo ambao haukufika, hesabu huanzia siku uliyoahidiwa kuupokea. Mkataba ulitaja tarehe?

Shangazi Rukia: Ulitaja. Halafu wameisogeza mara kadhaa, kila mara wananiomba nijibu "nimekubali".

Idi: Usikubali tena. Wanakulia muda tu.

Mjomba Hamadi: Na hizo za pili zimeliwa?

Idi: Benki yake iombwe leo hii iwasiliane na benki iliyopokea, kama kuna salio lizuiwe. Zikishatolewa, hapo ni kudai mahakamani. Lakini hilo jina la mtu kwenye akaunti linatusaidia.

Salma: Kivipi? Si mtashtaki kampuni?

Idi: Kampuni kisheria ni mtu wa peke yake. Nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza zinashikilia hivyo tangu kesi ya Salomon huko Uingereza, 1897. Ndiyo maana matapeli wanapenda kufungua kampuni: madeni yanabaki humo, wao wanafungua nyingine. Ila aliyekudanganya kwa mdomo wake anaweza kushtakiwa yeye binafsi, na aliyepokea pesa kwenye akaunti yake ana maswali ya kujibu. Kwa hiyo kwenye hati ya madai tunaandika kampuni, mkurugenzi na huyo "mhasibu".

Shangazi Rukia: Kuna jambo sijawaambia. Wamenitumia fomu, wanasema nikisaini watanirudishia theluthi.

Idi: Tafuta maneno "malipo kamili na ya mwisho".

Shangazi Rukia: Yapo, chini kabisa.

Idi: Ukisaini, hiyo iliyobaki umeisamehe. Sisemi ukatae kabisa. Theluthi mkononi yaweza kuzidi hukumu ya pesa yote dhidi ya kampuni tupu. Lakini pesa iingie kwanza, saini baadaye.

Salma: Shangazi, kuna mtu alinitumia ujumbe eti wao wanarejesha pesa zilizotapeliwa, unalipa ada kidogo ya kuanzia. Nikuletee namba?

Idi: Salma, futa! Orodha za waliotapeliwa huuzwa, wanakurudia kwa sura ya mwokozi.

Mjomba Hamadi: Mahakama nayo itameza zilizobaki kwa mawakili.

Idi: Nchi nyingi zina mahakama ya madai madogo, unajisimamia mwenyewe. Kuna mahali hata wakili haruhusiwi. Ila kiwango kina kikomo, na muda wa kufungua kesi nao una ukomo. Tatizo langu si kushinda, ni kukaza hukumu, yaani kuwafanya walipe kweli. Kabla ya kulipia chochote twende kwa msajili wa makampuni tuone kama kampuni bado ipo hai na mali zake zimewekwa rehani kwa nani. Ikifilisiwa, wanaoshikilia rehani hizo wanatangulia, na sisi tunapeleka madai kwa mfilisi, yule anayegawa mali za kampuni, kabla dirisha halijafungwa.

Salma: Kesho nakuja kwako Shangazi, tupige picha mkataba, risiti na mazungumzo yote. Usifute hata salamu.

Idi: Na tovuti yao pia, kabla hawajaitoa hewani. Halafu tafadhali, asiwapigie mtu yeyote kuwatisha. Tunaweza kuiomba mahakama izuie akaunti zao, na zuio la namna hiyo huombwa kimyakimya, wao wasijue.

Mjomba Hamadi: Mmh.

Idi: Mjomba?

Mjomba Hamadi: Nimeshampigia mkurugenzi asubuhi. Nimemwambia ajiandae, tunakuja na wakili.

Salma: 🤦🏾‍♀️

Idi: Shangazi, vaa viatu uende benki sasa hivi. Anza na ile akaunti ya mhasibu.

Shangazi Rukia: Niko mlangoni.