Jalada la mirathi litumweje kutoka Lamu hadi Mahakama Kuu bila siri kuvuja?

Msaidizi wa Wakili, Amu:
Assalamu alaikum. Mteja wetu amekata rufaa dhidi ya uamuzi wa kadhi katika shauri la mirathi, na rufaa itasikilizwa na Mahakama Kuu, Garsen. Zamani jalada lilivushwa kwa mashua hadi Mokowe, likaendelea kwa gari, na kila aliyelipokea alitia saini. Lakini katika shauri jingine, nilishuhudia kurasa zenye nambari za vitambulisho na majina ya watoto zikipigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp. Nilipouliza, niliambiwa kwamba ujumbe wa huko umefungwa na hausomeki njiani. Je, hilo latosha?

Karani Mstaafu, Malindi:
Wa alaikumu salaam, mwanangu. Halitoshi. Mfumo wa kuwasilisha nyaraka kwa mtandao, ulioanza Nairobi Julai 2020, ulienezwa nchi nzima Machi 2024, kwa hiyo hati mpya zina njia yake rasmi. Tatizo limebaki kwenye majalada ya zamani, hasa mwenendo wa kesi ulioandikwa kwa mkono, ambao hauna budi kuchapwa na kuthibitishwa kabla ya kupelekwa juu. Hapo ndipo watu hukimbilia simu. Sisi tulikuwa na daftari la makabidhiano. Jalada likipotea, ulijua umwendee nani. Picha ya simu haina daftari.

Fundi wa Mitandao, Shela (ya Malindi, si ile ya kwenu):
Naungana na mzee. Kufungwa kwa ujumbe hulinda safari tu; ukishafika, nakala hubaki katika simu ya karani, ambayo huenda kesho ikachezewa na mwanawe. Afadhali hati iwekwe katika hifadhi ya mahakama yenyewe, kila afisa aingie kwa jina na nywila yake, na mfumo uandike nani amefungua ukurasa upi na saa ngapi. Hilo ndilo daftari la mzee kwa sura mpya. Tena, chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, data ikivuja na kuwahatarisha wahusika, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72, na huwezi kuarifu usichojua kwamba kimetoka.

Msaidizi wa Wakili, Amu:
Ahsanteni. Je, jalada lote lazima liende?

Karani Mstaafu, Malindi:
Jaji anahitaji mwenendo, uamuzi na vielelezo vinavyobishaniwa. Kumbuka pia kwamba rufaa kutoka kwa kadhi husikilizwa na jaji akiketi pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili, nao wote husoma, achilia mbali mawakili wa pande mbili. Kama cheti cha hospitali cha mtoto hakihusiani na hoja za rufaa, mwombeni naibu msajili aelekeze kisiambatanishwe. Andikeni barua, msimweleze kwa simu.