Mrejesho: mfuko wa nyongo ulikuwa umejisokota

Asanteni sana ndugu mlionijibu. Niliuliza kuhusu mama mwembamba wa miaka 80, hapa Bukavu: maumivu ya ghafla chini ya mbavu za kulia, anatapika, hana homa wala macho ya manjano, na antibiotiki za saa 24 hazikumsaidia kitu.

Ekografia (picha ya mawimbi ya sauti, yaani ultrasound) ilirudiwa. Mfuko wa nyongo umevimba, ukuta mnene, hakuna kijiwe hata kimoja, nao unaning'inia mbali na ini, shingo imechongoka. Doppler, kipimo cha ekografia kinachoonyesha mtiririko wa damu, haikuonyesha damu ikipita ukutani. Hapo si pa kungoja: dawa haifiki mahali damu haifiki.

Tumbo lilifunguliwa chini ya mbavu. Mfuko mweusi kama bilinganya, umezunguka digrii 360 kwenye shina lake jembamba. Kwanza nyongo ilinyonywa kwa sindano ili mfuko ushikike, kisha ukasokotolewa, yaani msokoto ukafunguliwa, ndipo mrija wake na mshipa vikafungwa na kukatwa. Mpangilio huo usigeuzwe! Msokoto huvuta mrija mkuu wa nyongo karibu, na anayekata kabla ya kusokotoa anaweza kuukata nao.

Haukuwa umepasuka. Siku ya tano mama amekula bugali.