Binti yangu wa miaka mitano hawezi kuchagua hata pipi, naombeni ushauri

mamaNasra:
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nilimpa binti yangu shilingi 500 aende duka la hapa mtaani, namwona kabisa kutoka barazani, akanunue anachotaka. Kasimama pale kama robo saa. Wenzake wanakuja, wananunua ubuyu, wanaondoka, yeye yupo tu kaikumbatia sarafu. Muuza duka akamuuliza, "Unataka nini, mrembo?" Kageuka kuangalia nyumbani. Mwishowe karudi analia, sarafu imelowa jasho: "Mama, nichagulie wewe."

Mwakani anaanza la kwanza. Herufi anazijua, shuleni hawamlalamikii. Lakini ukimuuliza uji au chai, jibu ni "chochote". Gauni gani? "Lolote." Baba yake anasema ni upole tu, utaisha akikua. Mimi naogopa kesho wenzake ndio watamchagulia. Mnafanyaje?

Baba Mapacha:
Dada, "unataka nini" ni swali zito kwa mtoto, dukani kuna vitu mia. Wangu nawapa viwili tu: ndizi au embe? Kandambili au viatu? Na vyote viwili uwe umeviridhia mwenyewe. Niliwahi kuuliza "mtaoga sasa au baadaye?", wakasema baadaye. Hiyo baadaye ilifika saa nne usiku.

Chumvi ya Mawe:
Samahanini. Sisi tumekua tunawekewa sahani mbele, ule au ulale njaa, na leo tunaamua mambo yetu. Mzoeshe kuchagua kila kitu, kesho atakuchagulia na pa kukaa.

Baba Mapacha:
Chumvi, nani kasema kila kitu? Dawa haina mjadala, kuvuka barabara pia. Na ndiyo maana humuulizi "tunywe dawa?" wakati hana ruhusa ya kukataa.

Mwalimu wa Chekechea:
Nimefundisha chekechea miaka 19. Mama Nasra, mara ya mwisho binti alipochagua kitu mwenyewe, ulimwambia nini?

mamaNasra:
Mwalimu, umenishika pabaya. Wakati wa Idi nilimtandikia magauni mawili kitandani. Akashika la njano. Nikamwambia, "Si hili la bluu ndilo linakupendeza?" Akaliacha. Na nikikumbuka vizuri, haikuwa siku hiyo tu.

Mwalimu wa Chekechea:
Basi kuchagua anajua. Anachotafuta ni jibu lako, ndiyo maana aligeuka kuangalia nyumbani. Kwake hilo swali ni mtihani.

Akishachagua, nyamaza. Na uso wako nao unyamaze, wanausoma kuliko maneno. Akitaka sweta kwenye jua la Dar, mwache atoke nalo, wewe beba fulana kwenye mkoba. Akinunua kitu akajuta, mpe pole, lakini usimwongezee hela papo hapo. Akishindwa kabisa, mwambie leo nachagua mimi, kesho zamu yako. Bila kununa.

Shangazi Tanga:
Na wa nyumbani wote wawe kitu kimoja. Kwangu mimi namfundisha mtoto, bibi yake anamlisha kwa kijiko, mtoto wa miaka sita 😂

mamaNasra:
Mrejesho baada ya wiki mbili. Jumamosi ya kwanza alirudi tena mikono mitupu, sikusema neno, ingawa ilinikaa kooni. Magauni nayo natoa mawili, kisha natoka chumbani kabisa, maana uso wangu siuamini.

Jana kanunua ubuyu wa mia tatu na kashata ya mia mbili. Kaonja kashata, hakuipenda. Akaniangalia. Mimi nikaendelea kuchagua mchele wangu. Akakaa nayo mkononi, akaonja tena, kisha akampelekea mtoto wa jirani. Aliporudi akasema Jumamosi ijayo ubuyu mtupu, wa mia tano yote.

Baba yake alishaingiza mkono mfukoni amwongezee. Nikamkanyaga mguu.