Je, baipola hufupisha maisha?

Swali: Kaka yangu aligundulika kuwa na baipola, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu achangamke kupita kiasi kisha azame katika huzuni, mwaka jana. Kwa wiki tatu alikuwa halali, akipaka rangi kuta usiku wa manane na kugawa akiba yake, kisha akajifungia chumbani, hata chai akawa hanywi. Je, ni kweli kwamba ugonjwa huu hupunguza umri?

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa wenye baipola hufariki, kwa wastani, zaidi ya miaka 10 mapema kuliko watu wengine. Kujiua ni sehemu ya sababu, lakini wengi huuawa na maradhi ya mwili, hasa ya moyo, ambayo hayachunguzwi mapema kwa kuwa kila dalili husingiziwa akili. Hilo hunisikitisha mno. Mpimeni shinikizo la damu na sukari.

Jibu: Mimi natumia lithiamu, dawa ya baipola ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949, nayo hupunguza hatari ya kujiua. Anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, pamoja na figo. Na siku za joto nakunywa maji ya kutosha, kwani mwili ukikaukiwa dawa huzidi katika damu. Kaka yako akiandikiwa dawa hii, asiiache ghafla anapojiona amepona.

Muulizaji: Ahsanteni. Jumatatu nitamsindikiza kliniki.