Daktari wa akili private, dawa za serikali inawezekana?

Wakuu, mdogo wangu anatibiwa kwa daktari wa akili private, dawa zake olanzapini miligramu 10 kununua kila mwezi zimetumaliza. Naweza kuzichukua hospitali ya serikali kwa cheti hichohicho? Vimebaki vidonge 6, nimevihesabu usiku huu.

— Pole mkuu. Cheti peke yake mara nyingi hakitoshi, omba barua ya rufaa yenye ugonjwa na dozi, nenda nayo kliniki ya akili hospitali ya mkoa wamfungulie faili wamwone wenyewe ndo wamwandikie.

— Uliza kwanza kama olanzapini ipo, saa nyingine unakuta haloperidoli tu (dawa nyingine ya akili), usikubali abadilishiwe dirishani bila daktari. Na asikatishe ghafla jamani, mama yangu alikatisha, usingizi ukapotea kabisa.

— Asanteni sana, asubuhi nampigia daktari wake.